Sindano ya Alfajiri

Ogulsona hakuwa amewahi kumwambia baba mkwe wake neno hata moja, lakini tumbo lake alilijua vizuri. Alijua lilipo kovu la zamani la kung'atwa na ngamia. Alijua kuwa upande wa kushoto una madoa ya zambarau mengi kuliko wa kulia, na kwamba mzee akibana pumzi sindano humuuma, akiiachia taratibu huingia kama kwenye siagi. Kila asubuhi na kila jioni aliingia na kisahani chake, akapiga magoti kando ya godoro, ncha ya ushungi kaing'ata kwa meno. Mzee Hudaiberdi alipandisha shati mwenyewe na kuutazama ukuta. Akishachomwa, alilishusha. Basi.

Ndivyo nyumba za kijiji cha Akyap zilivyo. Mkaza mwana hung'ata ushungi na hamsemeshi baba wa mumewe wala kaka wakubwa wa mumewe mpaka wenyewe wamfungulie kinywa, na wako wanawake wanaoota mvi bila kufunguliwa. Ukiwa na neno unalipeleka kwa mama mkwe, naye atalifikisha akipenda, kwa wakati wake na kwa ladha yake. Ukijaliwa mtoto unapata nafuu kidogo, maana unaweza kumwambia mtoto, na mwenye masikio akasikia.

"Maral, mwambie babu chai imeiva," Ogulsona alikuwa akisema chini ya ushungi, na Maral, mtoto ambaye hata kukaa alikuwa bado anajifunza, akapuliza mapovu ya mate.

"Maral, mwambie mama yako sina haja ya chai, nina haja ya mguu," mzee alijibu.

Mguu wenyewe ulivunjika msimu wa pamba, mzee alipoteleza kutoka juu ya paa akipanga majani makavu ya ng'ombe. Mfupa ulikatika huku juu kabisa, kwenye nyonga. Kwanza akaitwa mganga wa mifupa, akamfunga kwa mafuta ya mkia wa kondoo na vibanzi vya mforosadi, na mzee akalala hivyo hivyo mpaka paja likavimba na kung'aa kama kiriba kilichojaa maji. Hospitali ya mjini wakasema damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likinyofoka likapanda kifuani, atakufa. Hilo mzee hakuhitaji kuelezwa. Mdogo wake, Orazberdi, alikufa kwa namna hiyo hiyo: mguu kwenye plasta, akainuka kwenda kutawadha, akashika kifua, na birika lililokuwa motoni halikuwahi hata kuchemka. Kwa hiyo walipompa sindano za kuifanya damu iwe nyepesi, mzee alizipenda kuliko hirizi.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemfundisha Ogulsona kuchoma, kwa kumfanyisha mazoezi kwenye tikiti. "Choma bila woga," alimwambia, "tikiti halijawahi kulalamika." Tangu hapo kazi ikawa ya Ogulsona. Mumewe, Yazmirat, alikuwa kwenye visima vya gesi huko jangwani, akirudi zamu kwa zamu. Mwanamume mwingine nyumbani alikuwa Nurgeldi, mwana mkubwa wa mzee, dereva wa trekta, mtu wa kelele nyingi na moyo mwema, ambaye naye Ogulsona hakuwa akimsemesha. Chumba cha mzee wakati wa kuchomwa Nurgeldi hakuingia. Lilikuwa jambo la wanawake.

Alfajiri ya siku ya upasuaji, gari lilikuwa linanguruma nje na Bibijemal, mama mkwe, alikuwa akifunga mto na blanketi kwa kamba.

"Mchome kabla hatujaondoka," alimwambia Ogulsona. "Njia ni ndefu na atakaa amejikunja. Damu itakuwa nzito."

Ogulsona akaingia. Mzee alikitazama kisahani, kisha akamtazama yeye, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Mkono wake ukatua juu ya shati, ukakaa. Ogulsona alidhani anaomba dua. Halafu shati likapanda, sindano ikaingia, na mzee akashusha pumzi kama mtu aliyesikia komeo la mlango wake likifungwa.

Wakaondoka naye. Ogulsona alibaki kuwasha tanuri, maana mgonjwa akitoka kwenye kisu watu huja kumwona, na watu wakija hula.

Mikate ilikuwa bado ya moto simu ilipolia. Alikuwa Aynabat, wifi yake aliyeolewa mjini.

"Upasuaji umeisha salama, mama Maral. Hawakumlaza usingizi, kifua chake cha tumbaku hakiwezi. Wamemchoma sindano ya mgongoni, kiuno kwenda chini kikafa ganzi, yeye macho kodo anawauliza madaktari nyundo ile wameinunua soko gani. Lete mkate. Na supu pia, maana ya huku ni kama maji waliyooshea sahani."

Ogulsona alicheka peke yake uani. Alikuwa hajajua ni kiasi gani aliogopa mpaka alipocheka. Akaifunga mikate kwenye kitambaa, akamimina supu kwenye mtungi wenye kifuniko, akampakata Maral na kupanda gari la jirani aliyekuwa anapeleka maziwa mjini.

Chumba cha hospitali kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kitupu, na kwenye hicho kitupu walikuwa wamekwishakaa wazee wawili wa Akyap na kofia zao za manyoya, wakinywa chai. Bibijemal alikuwa kichwani pa mumewe. Aynabat alikuwa akimkanda nyayo.

"Haya Baba, inua mguu tuone kama wamekurudishia wa kwako," Nurgeldi alisema.

"Iache miguu izinduke kwanza. Imelala kama wewe siku ya kuvuna pamba."

Wazee wakacheka, chai ikatikisika. Ogulsona alipita kwa ubavu hadi kwenye meza ndogo ya dirishani, akang'ata ushungi, akaanza kumimina supu. Kwa pembeni aliona mikono ya Aynabat ikikanda na vidole vya mzee vikiyumba tu, huku na huku, kama vitu vilivyofungwa kwa uzi.

Daktari wa ganzi aliingia bila kubisha. Alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Atayeva, miwani yake kaining'iniza shingoni. Ndiye aliyemchoma mzee mgongoni asubuhi. Akatoa kijiti mfukoni, akafunua shuka mpaka magotini.

"Hapa unahisi?"

"Wapi?"

"Na hapa?"

"Umeshanigusa?" mzee aliuliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Daktari alijaribu mapajani, akajaribu juu ya kiuno, kisha akavaa miwani. "Ganzi hii ilipaswa iwe imeanza kuachia. Vidole angalau vingecheza. Kwa watu wazima huchelewa, sikatai." Akamgeukia Nurgeldi. "Nijibu tena lile swali la asubuhi. Sindano za damu. Nilikupigia simu nikakwambia jana asichomwe kabisa, na leo asichomwe. Ya mwisho ilikuwa lini?"

"Juzi jioni, daktari. Nilimwambia Baba siku ile ile uliyopiga. Akasema amesikia."

"Mzee, ndivyo?"

Mzee Hudaiberdi alikuwa anatazama dari. "Ni kama alivyosema mwanangu."

"Vizuri. Kwa sababu angekuwa amechomwa, nisingesimama hapa kuongea. Damu ikiwa nyepesi halafu ukapitisha sindano mgongoni, inaweza kuvuja kule ndani, ikajikusanya na kuubana uti wa mgongo. Ukiiwahi, unafungua na kuitoa, miguu inarudi. Ukiichelewesha, hairudi. Na wakati wenyewe ni saa chache tu." Akarudisha kijiti mfukoni. "Nitapita tena. Mgongo ukianza kumuuma, mtu aje mbio aniite."

Supu ilikuwa imepita ukingo wa bakuli na kusambaa mezani. Ogulsona aliifuta kwa kitambaa cha mkate. Jana asubuhi, upande wa kushoto. Jana jioni, wa kulia. Leo alfajiri, wa kushoto tena. Nurgeldi alimwambia mzee, na mzee hakumwambia mtu. Shati alilipandisha mwenyewe.

Akamgusa Bibijemal begani, wakatoka hadi kwenye ujia, pale penye harufu ya dawa ya kudekia.

"Mama, nilimchoma. Jana mara mbili, na leo."

"Najua ulimchoma. Nani alikutuma kama si mimi?"

"Daktari amesema..."

"Nimemsikia, masikioni sina nta." Uso wa Bibijemal ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti aliishikilia. "Sasa unataka nikafanye nini? Nikaseme mume wangu amedanganya, wazee wa Akyap wamekaa hapo na vikombe mkononi? Mtu mzima ganzi humchelewa, kasema mwenyewe. Wageni wakiondoka nitamwambia Nurgeldi, na Nurgeldi atamwambia daktari. Mambo yana njia yake."

"Mama, kasema ni saa chache."

"Na wewe nyumbani kwangu una miaka mingapi? Miwili. Ngoja."

Wageni hawakuondoka. Waliongezewa chai, wakaulizia bei ya mfupa wa chuma, wakasimulia juu ya mtu wa kijiji cha pili aliyewekewa wa namna hiyo na sasa anapanda farasi. Jua lilihama kutoka kioo cha kwanza cha dirisha likaingia cha pili. Ogulsona alisimama karibu na mlango na Maral begani, ushungi umelowa mate, na kila jua liliposogea alihisi kama mtu anamvuta nywele. Alimjua vizuri mtu aliyelala pale. Alijua alivyokuwa akiamka kabla ya watu wote kwenda kuwasemesha kondoo. Alijua kwamba majira ya kiangazi, Maral alipokuwa na homa, mzee alitembea usiku kucha uani na mtoto begani, akimwimbia nyimbo za kuswaga ngamia kwa kuwa nyingine hakuwa nazo. Kwa miguu ile.

Akamnong'oneza Aynabat.

"Ukiendelea kunong'ona hivyo watasema una mimba tena," Aynabat alisema. Kisha maneno yakamwingia, akasimama. "Mara tatu?"

"Mara tatu. Wifi, wewe ni mtoto wake, wewe unaweza kusema. Mwambie daktari."

"Nimfanye Baba mwongo, mimi binti?" Aynabat alitazama kitandani, akatazama mlango. "Kaka ndiye mkubwa. Acha nimtafute yeye aseme. Kashuka chini kuwasha sigara."

Akashuka, na hakurudi upesi. Baadaye ilijulikana kuwa alimkuta Nurgeldi katikati ya kundi la madereva, akamwambia kuna jambo, Nurgeldi akasema kuna jambo gani lisilongoja mtu amalize sigara, na Aynabat akasimama kando kama alivyofundishwa tangu utotoni, akangoja.

Wazee waliinuka hatimaye kwenda kuswali, na Bibijemal akawasindikiza. Chumbani wakabaki watatu: mzee, Ogulsona na mtoto. Ogulsona alikaa kwenye kiti cha mgonjwa asiyekuwepo, akamweka Maral magotini, akamgeuzia uso kwake.

"Maral," alisema, na sauti ilitoka kavu, "mwambie babu mama yako hakuambiwa kitu. Mwambie alimchoma na leo. Daktari hajui. Mwambie babu aseme yeye mwenyewe, watu wataona ni busara yake."

Maral alishika pua ya mama yake. Mzee alifumba macho.

"Maral," mzee alisema, "mwambie mama yako wangeniahirisha. Waliniahirisha mara mbili. Nimelala chini tangu pamba mpaka theluji, nageuzwa kama gunia. Na siku nzima bila sindano... Mdogo wangu hakungoja siku nzima. Mwambie mama yako ganzi itaisha. Mwambie anyamaze, hilo ni neno langu."

Lilikuwa neno lake, na katika miaka miwili lilikuwa la kwanza kumpa amri iliyo wazi hivyo. Ogulsona akainamisha kichwa. Akakubali kwa kichwa, kama inavyopasa. Alikuwa anakubali bado mzee alipokunja uso ghafla na kushika ukingo wa kitanda.

Maumivu hayo Ogulsona aliyaona yakipanda usoni mwake. Hayakuwa ya nyonga. Mzee alipeleka mkono nyuma, kiunoni, akashindwa kuufikisha.

"Kuna mtu ananikaza mkanda," alisema, hakumwambia Maral wala mtu mwingine. "Huko nyuma. Anakaza."

Ogulsona alitoka mlangoni mtoto akiwa kwapani. Kwenye ujia alikutana nao wote kwa mpigo: Bibijemal anarudi, Nurgeldi na Aynabat wanapanda ngazi, na Daktari Atayeva anatokea upande wa pili na kikombe mkononi. Wakaingia chumbani pamoja, naye akiwa nyuma yao.

"Mgongo unauma?" daktari aliuliza.

"Kidogo," Bibijemal alijibu haraka. "Uchovu wa kulala chali."

"Mzee?"

"Uchovu," mzee alisema. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

"Miguu?"

"Inakuja. Naona kama inakuja."

Daktari alisimama akimtazama. Ilionekana dhahiri kwamba jibu halikumtosha, lakini majibu yalikuwa matatu na yote yalifanana. Aliangalia saa yake. "Nusu saa," alisema, akageuka.

Ogulsona alitema ushungi.

"Daktari. Mimi ndiye humchoma. Jana asubuhi nilimchoma, na jana jioni. Leo alfajiri pia, gari likiwa limewashwa. Hakuna aliyeniambia niache."

Nurgeldi hakuwa amewahi kuisikia sauti yake. Alimtazama kana kwamba kiti kimesema. "Nani kakuuliza wewe?" alisema, bila ukali, kwa mshangao mtupu.

"Mimi nimeuliza," daktari alisema. "Nauliza tangu asubuhi." Kikombe alikwishakiweka chini, sakafuni, palepale aliposimama. "Mzee, nitazame. Ni kweli?"

Mzee Hudaiberdi alimtazama mkaza mwana wake, aliyesimama mbele ya watu kinywa kikiwa wazi bila ushungi.

"Ni kweli. Nilijua. Shati nilipandisha mwenyewe."

Kuanzia hapo hakuna aliyeongea na familia. Magurudumu ya kitanda yalifunguliwa, mlango ukapigwa teke, daktari akawa anakimbia kando ya kitanda huku simu ikiwa sikioni akitaka chumba cha picha kiachwe wazi, akitaka daktari wa mgongo atolewe popote alipo. Blanketi alilofunga Bibijemal alfajiri lilianguka kwenye ngazi na watu wakalikanyaga.

Walikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha upasuaji. Ogulsona alimnyonyesha Maral akiwa amewapa mgongo. Kati yake na Bibijemal palikuwa na nafasi ya kutosha watu wawili, na haikuzibwa.

"Nilimwambia Baba," Nurgeldi alisema, mara ya kwanza kwa sauti kubwa, halafu mara nyingi kwa sauti ndogo. "Simu ilipokatwa nilimwambia hapo hapo."

"Ulimwambia Baba," Aynabat alisema. "Na anayemchoma?"

"Sikujua ni nani anamchoma."

"Unakaa nyumba moja nao, Kaka."

"Nilidhani zahanati wanakuja." Akajipiga goti kwa ngumi. "Sikuwahi kuuliza. Ningemuuliza nani?"

Bibijemal alikuwa na tasbihi lakini shanga hazikusogea. Alisema, akitazama mbele, "Amesema mbele yetu wote. Mkaza mwana wangu. Kafungua kinywa mbele ya mzee wake."

"Mama," Aynabat alisema, "nyamaza basi."

Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza Daktari Atayeva alipotoka. Hakukaa. Alisema donge la damu lilikuwepo, refu kama kidole, limeukandamiza uti, na limetolewa. Alisema uti wenyewe ulikuwa umepata rangi mbaya. Alisema mzee ni mzima. Nurgeldi akauliza miguu, naye akasema kuhusu miguu hajui, hakuna anayejua, watasubiri.

"Mngeniambia asubuhi," alisema, "ningemwahirisha siku mbili. Mbili tu. Mngeniambia mchana nilipoingia na kile kijiti, hata hapo..." Alivua miwani, akaminya macho kwa vidole. Halafu akamwona Ogulsona, aliyesimama nyuma ya wote. "Wewe ulikuwepo chumbani mchana nilipouliza?"

"Nilikuwepo."

Daktari alitikisa kichwa polepole, hakusema kitu, akarudi ndani. Katika maneno yote ya siku ile, lile lisilosemwa ndilo Ogulsona alilokwenda nalo nyumbani, na ndilo lililomwamsha kila Maral alipogeuka.

Theluji iliyeyuka, ikanyesha nyingine. Daktari alikuja na kijiti chake kila asubuhi, na kila asubuhi mguu wa kulia ulikuwa kama kuni. Wa kushoto ulikaa kimya vilevile, mpaka siku moja mzee alisema anahisi kama mdudu anatembea juu ya kidole gumba. Daktari alirudia, mzee akiwa amefunikwa uso kwa taulo asidanganye. Mdudu akatembea tena. Kidole chenyewe kikajikunja, kidogo sana, mtu angeweza kudhani ni kivuli.

"Atatembea?" Nurgeldi aliuliza.

"Hapana," daktari alisema. "Sitaki nikufurahishe. Wa kulia umekwenda. Huu wa kushoto, ukifanyiwa kazi kila siku, na Mungu akipenda, huenda ukamsaidia kujiinua kutoka kitandani hadi kitini. Kwenye kiti atakaa na wajukuu. Hilo naliona. Zaidi ya hilo silioni."

Bibijemal alifunika uso. Mzee alikuwa anakitazama kidole chake kwa umakini, kama mtu anayemtazama kondoo aliyezaliwa nje ya msimu.

Walimrudisha Akyap. Habari zilikuwa zimetangulia, na zilikuwa fupi: sindano ya mkaza mwana. Wanawake walipokuja kumwona mgonjwa, macho yao yaliangukia kwenye mikono ya Ogulsona kabla ya uso wake. Bibijemal hakuwarekebisha. Siku moja mzee alimsikia mmoja akiyasema hayo uani, akapiga ukuta kwa fimbo ambayo sasa haikuwa na kazi nyingine. "Njoo uyasemee humu ndani," aliita, "nikwambie sindano ilikuwa ya nani." Mwanamke hakuingia. Na maneno hayakuisha, ila yalipunguza sauti.

Mgonjwa asiyehisi kiuno lazima ageuzwe, la sivyo ngozi huoza. Usiku na mchana, kabla ya chai na baada ya chai. Mzee alikuwa amekonda lakini mifupa yake ilikuwa mizito, na Bibijemal mgongo wake ulimkataza. Jaribio la kwanza walilifanya Nurgeldi na Ogulsona, kila mmoja upande wake, kimya. Nurgeldi alivuta mapema, Ogulsona akachelewa, na mguu wa kulia ukabaki nyuma umejipinda vibaya chini ya mwingine. Mzee hakusikia maumivu. Hilo ndilo lililowatisha.

Wakasimama wakitazamana juu ya kitanda. Paji la Nurgeldi lilikuwa linavuja jasho. Mtu huyu mwenye kelele nyingi alikuwa amekuwa mpole siku hizi, hata trekta alikuwa akiliwasha kama anaiba.

"Shemeji," alisema, huku anatazama shuka, "hatuwezi hivi. Lazima mmoja aseme."

"Sema wewe," Ogulsona alisema. "Mimi nitafuata."

"Hapana. Wewe unamjua zaidi. Wewe sema."

Kutoka chini yao mzee akasema, "Mmoja wenu aseme, jamani, uso umebanwa kwenye mto."

Maral alikuwa ameketi kwenye zulia sasa, bila kushikwa, akigonga kifuniko cha birika sakafuni. Ogulsona alipitisha mkono chini ya nyonga ya mzee, mwingine chini ya goti, akahakikisha mguu wa kulia umelala sawa juu ya wa kushoto. Alihisi kwenye kiganja kitu kikitikisika, upande wa kushoto, labda mshipa tu.

"Baba, achia pumzi," alisema. "Taratibu. Nurgeldi, haya. Vuta."

Wakamgeuza.